Manesi hawadumu, au kazi haikaliki?

Ukikaa na metroni, yaani mkuu wa wauguzi, wa hospitali binafsi au ya kanisa, iwe Arusha mjini au kule juu Kibosho na Machame, hutamaliza chai kabla hajakuambia kwamba manesi wa siku hizi hawadumu. Ukikaa na manesi wenyewe, wale vijana waliopanga chumba Sakina au Pasua, watakuambia hospitali hizo ni stendi tu: unakaa hapo ukisubiri gari, yaani ajira ya serikali. Kila upande una ushahidi wake, na kila upande una hakika mkosaji ni mwenzake.

Kilichonirudisha kwenye ubishi huu ni swali la binti mmoja, muuguzi wa stashahada, ambaye tangu apate leseni amepita hospitali tatu kati ya Arusha na Moshi. Ya kwanza hakumaliza muda wa majaribio. Ya pili, mkataba uliisha na haukuongezwa. Ya tatu ameacha mwenyewe. Anauliza kama tatizo ni yeye, na kama si afadhali aachane na wodi, akafungue duka la dawa muhimu. Shangazi yake alishamjibu: hana wito. Jibu hilo naona limewahi mno. Ila sitaki pia kumpa lile jibu jepesi la upande wa pili, kwamba waajiri wote ni wanyonyaji.

Nianze na waajiri, maana utetezi wao hausikiki sana. Hospitali ya kanisa inaishi kwa fedha ya mgonjwa anayelipa taslimu, malipo ya bima, na misaada ya marafiki wa nje ambayo si ya kutegemea kama zamani. Bima ikichelewa kulipa, mshahara nao unachelewa. Mvutano wa Machi 2024 juu ya kitita kipya, yaani orodha ya huduma na bei zinazolipiwa, cha NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambapo baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kupokea wanachama wa mfuko huo, ulionyesha jinsi hesabu zao zilivyo za kubana. Wakati huohuo mshahara wa serikali unapanda kwa tamko. Mei Mosi ya 2025 Rais Samia alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Mkurugenzi wa hospitali ya misheni hawezi kufuata kasi hiyo bila kupandisha bei ya kumwona daktari, na mgonjwa wake ni mama mwenye migomba na miti michache ya kahawa.

Halafu TAMISEMI, ofisi ya serikali inayopangia watumishi vituo, inatoa majina ya waliopata ajira. Nesi aliyefundishwa kwa miezi kusimamia mashine za chumba cha wagonjwa mahututi anapewa siku chache za kuripoti kituo kipya, na anaondoka. Metroni anarudi kwenye ratiba ya zamu na kifutio. Hasara hapo si ya mtu mmoja tu. Wauguzi wakongwe wanachoka kufundisha. Nimewasikia kwa masikio yangu wakisema, "Nimfundishe huyu ili iweje? Keshokutwa hayupo." Naomba msomaji aishike kauli hiyo, maana nitaihitaji baadaye.

Sasa upande wa muuguzi. Watu wengi wanadhani shida ni uchovu. Uchovu upo, ila muuguzi alijua tangu chuoni kwamba atachoka. Kuna kitu kibaya zaidi, na wodi ya wazazi inakionyesha vizuri. Mama akishaingia kwenye uchungu wenyewe, partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu inayojazwa kwa vitone, inataka mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila nusu saa. Wakiwa akina mama watano na mkunga mmoja, hiyo ni mara kumi kwa saa, mara 120 kwa usiku wa saa 12, ikiwa kila kitanda kinachoachwa wazi kinapata mwingine. Hapo hujapima presha, hujabadilisha dripu, hujampokea mtoto anayezaliwa, hujamjibu ndugu anayegonga mlango. Haiwezekani. Kwa hiyo saa 12 asubuhi, kabla ya kukabidhi zamu, unaona mtu kainamia meza anajaza vitone vya usiku mzima kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, mstari umenyooka kama barabara ya Moshi Arusha. Yeye anajua. Anayepokea zamu anajua. Daktari wa raundi naye anajua.

Mimi naamini hapo ndipo raha ya kazi inapokufa: pale mtu anapolazimika kila siku kuifanya kazi kwa kiwango anachojua si sahihi, kisha akaweka sahihi yake chini. Shirika la Afya Duniani, lilipoingiza hali ya kuishiwa nguvu kazini katika orodha yake ya magonjwa mwaka 2019, lilisema wazi kwamba ni jambo linalotokana na kazi, wala halikuliita ugonjwa. Anayemwambia nesi wa namna hiyo kwamba hana wito amegeuza mambo. Asiye na wito hasumbuliwi na vile vitone.

Fedha nayo tuisemee, tena kwa hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri amwongezee mfanyakazi angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Tuseme mshahara ni shilingi 400,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya sheria hiyohiyo, unagawa kwa wiki 4.333, kisha kwa saa 45 za wiki, na saa moja inakuwa kama shilingi 2,050. Asilimia 5 ya hapo ni kama shilingi 100. Kukesha saa zote 10 ni shilingi 1,000 na chenji kidogo. Chai na chapati mbili za kantini. Na hapo mwajiri ametii sheria! Wapo ambao hata hiyo hawaioni kwenye hati ya mshahara.

Kuna na lile la hospitali teule, zile za kanisa zinazofanya kazi kwa makubaliano na serikali. Wodi moja, zamu moja, manesi wawili: mmoja analipwa na serikali kwa TGHS, ngazi za mishahara ya watumishi wa afya, mwingine analipwa na hospitali. Wote wanamgeuza mgonjwa yuleyule asipate vidonda vya mgongo. Mwisho wa mwezi mmoja anaulizia mkopo wa kiwanja benki, mwingine anauliza mhasibu kama mshahara umeingia.

Hivi vyote, mshahara na maumivu ya partografu, kwa kawaida tunavitupa kwenye kapu moja la "mazingira magumu ya kazi". Mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, alivitenganisha. Mwaka 1959 alitoa matokeo ya mahojiano na wahasibu na wahandisi wa Pittsburgh, akadai kwamba yanayomkera mtu kazini si kinyume cha yanayomridhisha. Mshahara, sera na usimamizi vikiwa vibaya, mtu ananung'unika. Vikirekebishwa, manung'uniko yanaisha, lakini kuridhika hakuji. Kuridhika kunatoka kwenye kazi yenyewe: kufanikisha jambo, kutambuliwa, kuaminiwa. Nadharia hiyo ina wapinzani, na mimi nina langu: wale wahandisi wa Pittsburgh hawakuwa wanadaiwa kodi ya chumba Ngarenaro. Mshahara usipoingia miezi miwili, hakuna cha kutambuliwa wala kuaminiwa kitakachomfanya mtu abaki. Hata hivyo mgawanyo wake unamsaidia binti wetu, kwa sababu ana maswali mawili anayoyauliza kama moja: kwa nini kazi hazimkai, na kwa nini haipendi kazi.

Kwa lile la kwanza, angalia miezi sita ya mwanzo. Kwa sheria hiyohiyo ya 2004, mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo haki. Sina ugomvi mkubwa na kifungu hicho, mwajiri anahitaji nafasi ya kumpima mtu. Ila miezi hiyo ndiyo ambayo nesi mpya anajua kidogo kuliko wakati wowote, na ndiyo ambayo kwa ile kauli ya "nimfundishe ili iweje" hafundishwi. Anapewa zamu ya usiku kwenye wiki zake za kwanza kwa sababu wakongwe hawaitaki. Anakosea dozi, au anachelewa kuona kwamba mgonjwa anayeongezewa damu ameanza kutetemeka. Anaitwa ofisini, na muda wa majaribio unaishia hapo. Kwenye hospitali ya pili anaingia na woga, anaogopa kuuliza, na asiyeuliza anakosea zaidi. Kwa hiyo kutofundishwa kunawaondoa, na kuondoka kwao kunawafanya waliobaki wasifundishe. Metroni na nesi wote wawili wanasema kweli, na wote wawili wanalisukuma gurudumu hilohilo.

Anayeweza kulisimamisha ni mwajiri, maana ratiba ya zamu iko mikononi mwake. Halihitaji mradi wa wafadhili. Nesi mpya asiwekwe usiku peke yake mwanzoni, awe na mkongwe mmoja anayejulikana kwa jina kuwa ndiye mwalimu wake, na mkongwe huyo apunguziwe wagonjwa, si kuongezewa jukumu juu ya jukumu. Najua metroni atasema hana watu wa kutosha. Ni kweli, lakini kila anayeondoka mwezi wa nne anawapunguza zaidi.

Kuhusu lile la pili, la kutoipenda kazi, nina neno kwa wauguzi pia. Wengi wetu tunaihukumu fani nzima kwa wodi moja. Uuguzi wa chumba cha upasuaji ni kazi nyingine kabisa na uuguzi wa kliniki ya watoto. Kuna mtu anayeteseka wodi ya wagonjwa wa ndani, ukimpeleka kwenye macho, kwenye usafishaji damu au kwenye huduma za majumbani, anachangamka. Binti huyu hospitali zote tatu alikuwa wodi ileile ya watu wazima. Alibadilisha mwajiri, mji na sare, kazi ikabaki ileile. Hapo lawama ni ya kwake kidogo: hakuwahi kuomba kuhamishwa wodi, alikwenda moja kwa moja kwenye barua ya kuacha kazi.

Na ajira ya serikali, ile ndoto? Katikati ya 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na tangu hapo vijana wamejifunza kwamba foleni hiyo haina saa. WHO mwaka 2020 ilikadiria dunia inapungukiwa wauguzi milioni 5.9, huku wahitimu wetu wako nyumbani Ngaramtoni na Kiboriloni. Upungufu unahesabiwa kwa mahitaji ya wagonjwa, ajira inatolewa kwa bajeti. Ukiipata, unapata uhakika wa mshahara, pensheni na kupanda daraja, na hilo si dogo. Ila unaweza kupangiwa zahanati ya Longido au Simanjiro ambako chanjo, kliniki ya wajawazito, kuzalisha, kugawa dawa na kujaza vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za huduma, vyote ni vyako. Wapo waliovunjika huko. Wapo pia walioipenda kazi huko kwa mara ya kwanza, kwa sababu mtoto uliyemzalisha unamwona anatembea sokoni, na kijiji kizima kinakuita daktari, ukikataa wanacheka.

Kwa binti, basi: duka la dawa muhimu litakuwepo hata mwakani, na linataka mtaji ambao kwa sasa hana. Leseni yake aitunze kwa mafunzo yote Baraza la Uuguzi na Ukunga linayodai. Kwa mwajiri wa tatu, kama alilipwa kwa mwezi na hakutoa notisi ya siku 28, akayamalize, maana sheria inamruhusu mwajiri kukata malipo ya siku hizo, na cheti cha utumishi anachostahili kupewa atakihitaji. Ajaribu hospitali ya nne, ila kwenye usaili, wakifika pale pa "una swali lolote?", aulize mambo mawili: nitaanzia wodi gani, na nani atanifundisha. Wakimjibu kwamba kila mtu humu anajifunza mwenyewe, asisaini.