Bajeti ikikatwa, fundisheni folda kabla ya cheti

Mkurugenzi wa asasi isiyo ya kiserikali akiniuliza achukue mafunzo gani ya Teams au SharePoint, programu za Microsoft za kuwasiliana na kutunza mafaili ya ofisi, kwa pesa kidogo alizobakiwa nazo, huwa namrudishia swali: ni nani wanaoondoka, na wanaondoka lini? Wengine hukunja uso. Wao wameuliza mambo ya kompyuta, mimi nawaletea mambo ya utumishi. Lakini kwa hali iliyoikumba sekta yetu tangu mwanzo wa 2025, mambo hayo mawili siwezi kuyatenganisha.

Tarehe 20 Januari mwaka huo Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Hazikupita siku nyingi, barua za kusitisha kazi zikaanza kuingia kwenye barua pepe za asasi zilizokuwa zinalipwa na USAID, shirika la misaada la Marekani. Machi, Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za shirika hilo zimefutwa. Ilipofika tarehe 1 Julai, USAID yenyewe ikaacha rasmi kutoa misaada ya nje. Mliokuwa humo hamhitaji kusimuliwa: afisa ufuatiliaji na tathmini anarudisha laptop kabla ya mwezi kuisha, mhasibu mmoja anabaki na kazi ya watu watatu, ofisi ya ghorofa nzima inahamia vyumba viwili vya nyuma.

Katika bajeti inayobaki, mstari wa mafunzo hukatwa wa kwanza. Mimi sitaulilia. Pesa nyingi za mstari ule hazikuwa za mafunzo. Zilikuwa za ukumbi wa hoteli, nauli, posho ya kujikimu, chai ya saa nne na mkufunzi aliyekuja Morogoro na slaidi zile zile alizofundishia benki mwezi uliotangulia. Watu walirudi na begi lenye nembo na cheti cha kuhudhuria, na Jumatatu wakaendelea kutumiana bajeti kwenye grupu la WhatsApp kama kawaida. Kilichokatwa hapo ni safari. Swali langu ni nini kifanyike na kile kidogo kilichosalia.

Mimi ningekitumia kwa jambo moja ambalo wakufunzi wengi hulipita kwa dakika mbili, kwa sababu halina mvuto na halipigiwi makofi: faili linakaa wapi, na ni la nani.

Chukua Teams. Ukimtumia mwenzako faili kwenye mazungumzo ya watu wawili, faili hilo halikai "kwenye Teams". Linakaa kwenye OneDrive, hifadhi yako binafsi ya mtandaoni wewe uliyelituma, ndani ya folda ambayo watu wengi hawajawahi kuifungua. Ukiliweka kwenye chaneli ya timu, linakwenda kwenye SharePoint ya timu hiyo, na hapo ni mali ya ofisi. Machoni pa mtumiaji hakuna tofauti yoyote. Umebofya alama ile ile ya kuambatisha, mwenzako amelipata, kazi imeendelea. Miaka mitatu mnafanya hivyo, na hakuna anayelalamika.

Tofauti inaonekana baada ya mtu kuondoka na akaunti yake kufutwa. Kwa mpangilio wa kawaida wa Microsoft, OneDrive ya mtu aliyefutwa hubaki kwa siku 30 kama msimamizi wa mfumo hakuongeza muda. Baada ya hapo inachukuliwa kuwa imefutwa, na kwa siku 93 zaidi inaweza kurudishwa na msimamizi peke yake, kwa njia ambazo haziko kwenye menyu za kila siku. Sasa fikiria ofisi ambayo mtu wa IT alikuwa miongoni mwa waliopewa barua za kwanza. Hizo siku 93 zinapita hakuna hata anayejua kwamba zinahesabika. Wanakuja kushtuka mwaka unaofuata, mkaguzi anapoomba karatasi za mahudhurio za mafunzo ya wahudumu wa afya, na linki iliyokuwa ikifunguka inajibu kwamba faili halipatikani.

Na mkaguzi anakuja, mradi uwe umefutwa au la. Kanuni za serikali ya Marekani kuhusu fedha za ruzuku, zile 2 CFR 200 ambazo wahasibu wetu wanazijua kama wanavyojua namba zao za simu, zinataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 3 tangu ripoti ya mwisho ya fedha iwasilishwe. Wala usijifariji kwamba nakala ipo kwa mfadhili. Tovuti ya USAID ilizimwa mwanzoni mwa Februari 2025, na hazina yake ya ripoti za miradi ikapotea nayo. Kuna ripoti ambazo leo nakala yake pekee imo kwenye mashine ya mtu aliyekwisha kuhamia Kahama kufungua duka la dawa.

Wanaotumia Google nao wasicheke. Faili lililo kwenye Drive ya mtu ni la akaunti ya mtu huyo, hata kama amewashirikisha ofisi nzima. Lililo kwenye drive ya pamoja ni la asasi. Somo ni lile lile, vitufe tu ndivyo tofauti.

Mafunzo ya namna hii yanaisha kabla ya chakula cha mchana. Hayahitaji hoteli. Yanahitaji meza ya mikutano, intaneti isiyosumbua, na kila mtu akiwa ameingia kwenye akaunti yake halisi, si akaunti ya majaribio ya mkufunzi. Zoezi ndilo kazi yenyewe: fungua OneDrive yako, tafuta folda ya mafaili ya mazungumzo ya Teams, yaliyo ya mradi yahamishe kwenye maktaba ya timu, yaani sehemu yake ya mafaili kwenye SharePoint, yape majina ambayo mtu asiyekujua ataelewa. "Final final 2 ya Mama Neema" si jina. Asubuhi ikiisha, asasi imepata mafunzo na imehifadhi kumbukumbu zake kwa malipo yale yale. Sijaona kozi ya cheti inayotoa faida hizo mbili kwa siku moja.

Mchana, kama nguvu bado ipo, ni zamu ya ruhusa za nani anaona faili gani. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na bado orodha za wanufaika, nyingine za watu wanaoishi na VVU, zinazunguka kwa linki inayofunguka kwa yeyote aliyenayo. Mtu akiondoka, linki haiondoki naye. Kuonyeshana mahali pa kuizima hakumalizi hata saa moja.

Kuna jambo la leseni ambalo limewakuta wengi hawajajiandaa. Kwa miaka mingi Microsoft ilizipa asasi zisizo za kiserikali leseni 10 za bure za Business Premium, ambazo ndizo zilikuja na Word na Excel za kusakinisha kwenye kompyuta. Msaada huo ulianza kuondolewa tarehe 1 Julai 2025, kila asasi kwa tarehe yake ya kuhuisha mkataba. Kilichobaki bure ni Business Basic, hadi watumiaji 300, na nyingine kwa bei ya punguzo. Ilikuwa mwezi ule ule USAID ilipofunga milango. Nani aliyepanga kalenda hiyo sijui, lakini hakuwa rafiki yetu.

Business Basic ni nzuri, sitadharau kitu cha bure. Ila Word na Excel zake ni za kwenye kivinjari na kwenye simu tu. Afisa ambaye ripoti zake za robo mwaka zinaendeshwa na makro (amri za Excel zinazojiendesha zenyewe) alizorithi kwa mtangulizi wake, akifungua faili hilo kwenye Excel ya kivinjari, makro hazitembei. Kabla hujalipia kozi ya "Excel ya juu", uliza mkufunzi anafundishia toleo lipi. Akifungua ile ya kusakinisha na watu wako wamebaki na ile ya kivinjari, nusu ya vitu atakavyowaonyesha wataviona siku hiyo tu. Nimekaa kwenye mafunzo ya aina hiyo. Kila baada ya dakika kumi mtu mmoja ananyoosha mkono kusema kwake hicho kitufe hakipo, na mkufunzi anamwambia atakiona akifika ofisini.

Kwa hiyo ninapopitia profoma, yaani makadirio ya bei, za watoa mafunzo siangalii kwanza bei, wala orodha ndefu ya mada. Natafuta kama wameomba kuona mfumo wetu kabla ya kupanga somo. Aliyetuma mada zake bila kuuliza tuna leseni gani, watu wangapi na mtandao wa aina gani, ana somo lake tayari na anatafuta wasikilizaji. Natazama pia kama yuko radhi kuja nusu siku mara mbili kwa kupishana wiki kadhaa, maana maswali ya maana huja baada ya watu kujaribu na kukwama. Wengi hukataa kwa kuwa nusu siku hailipi. Wanaokubali, mara nyingi, ni vijana wanaofanya kazi hii peke yao, hawana ofisi Masaki, na wanajua SharePoint kwa kuirekebisha usiku ikiwa imeharibika. Bei waitaje kwa shilingi. Tangu kanuni za fedha za kigeni za 2025, kumtoza mtu dola kwa huduma ya hapa nchini si ubishi wa kibiashara tena, ni kosa.

Kuhusu kuchagua programu ipi ya kufundishia, sitasema mengi. Fundisheni mliyonayo. Mwaka wa njaa si mwaka wa kuhamia programu mpya kwa sababu mfadhili mtarajiwa anaipenda. Waliowekeza kwenye Workplace ya Meta, programu ya mawasiliano ya kazini iliyopewa asasi nyingi bure, walisikia Mei 2024 kwamba inafungwa, na mwishoni mwa Agosti 2025 ikageuka ya kusoma tu. Skype ilizimwa Mei 2025. Aliyefundishwa vitufe vya Workplace amebaki na vitufe. Aliyefundishwa kwamba maamuzi ya kikao yaandikwe mahali pamoja panapoonekana na wote alihama na tabia yake.

Nabaki na cheti, ambacho kichwa cha habari hapo juu kimekiweka nyuma. Sikipingi. Napinga asasi inayopunguza watu kukinunua kwa ajili ya waliobaki na kuita hiyo maendeleo. Vyeti vya Microsoft vya ngazi ya usimamizi hudumu mwaka mmoja, kisha mtu huvihuisha mwenyewe mtandaoni bila malipo. Masomo yake yako Microsoft Learn, nayo ni bure. Kinacholipiwa ni mtihani. Cheti hicho kinabeba jina la mtu. Anayekihitaji zaidi ni yule anayekwenda kuomba kazi, siyo yule ambaye ofisi imeamua kubaki naye na inamjua tayari.

Ningependa basi mpangilio ugeuzwe. Wanaoondoka ndio wawe wa kwanza kuitwa kwenye ile asubuhi ya folda, wakiwa wanajua wazi kwamba wanaondoka na wakiwa wanalipwa siku hiyo. Nimeambiwa hilo ni kumtia mtu chumvi kwenye kidonda. Nadhani kidonda chenyewe ni kufichwa: kuitwa kwenye "mafunzo ya kujengewa uwezo" Jumanne na kupewa barua Ijumaa. Mtu mzima akiambiwa ukweli, hukabidhi vizuri kuliko unavyotarajia, kwa sababu kazi ile ilikuwa yake na hataki ipotee. Halafu ofisi imlipie mtihani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa kiinua mgongo cha angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, kwa miaka isiyozidi 10. Kwa aliyefanya kazi miaka mitatu, hizo ni siku 21, na kodi ya nyumba inazisubiri. Ada ya mtihani mmoja, ukiilinganisha na bili ya ukumbi wa Morogoro, ni pesa ambayo mhasibu hataiona imekwenda wapi.

Mtihani wenyewe hufanywa hata nyumbani mbele ya kamera, ilimradi chumba kiwe kitupu na mtandao usikatike katikati. Mtu aliyekuwa afisa wenu wa Songea huenda nyumbani hana vyote viwili. Mwacheni aje ofisini asubuhi moja, mpeni chumba cha mikutano na nywila ya Wi-Fi, hata kama jina lake limeshatoka kwenye orodha ya mishahara.