Tuzo ya mwalimu bora au ya karatasi bora?

Wahadhiri wenzangu, hivi tunapendekeza mwalimu kwa tuzo ya chuo au tunaomba mkopo benki? Chuo kinadai wasifu, maelezo ya falsafa yake ya ufundishaji, barua za wahitimu, tena zenye sahihi ya kalamu! Mhitimu yuko Sumbawanga, sahihi yake niipate wapi? Tathmini za wanafunzi zimo kwenye mfumo wa chuo hichohicho kinachozidai. Kwa nini wasizichukue wenyewe? Umalize kuskani pale steshenari ya Mwenge, jasho linakutoka, faili linakataliwa: limezidi megabaiti 5. Muhuri wa mkuu wa idara? Yuko Dodoma kikazi! Na mwalimu mwenyewe anafundisha ukumbi uliofurika, wengine wanaandika wamesimama dirishani, na bado anamjua kila anayekwama. Ninyi mnaotoa tuzo, si mje darasani kwake mumwone?