Kipaji cha Mtoto Kinahitaji Jioni Yake

Wazazi wa mijini siku hizi tunazungumzia vipaji vya watoto wetu kuliko walivyofanya wazazi wetu, na kwa hilo nashukuru. Mtoto aliyejaza daftari la hesabu kwa michoro ya magari zamani aliishia kuchapwa, na leo mzazi wa mtaani kwetu anaipiga picha michoro kama ile na kuuliza ni wapi panapofundishwa uchoraji. Hata hivyo naona jambo hili tumelishika upande mmoja tu. Tunatafuta akademia za mpira, walimu wa kinanda na mashindano ya vipaji, huku muda ambao kipaji huota ndani yake tumeugawa wote kwa gari la shule, kazi za nyumbani na tuisheni. Maoni yangu ni kwamba kwa mtoto wa miaka mitatu hadi tisa hakuna darasa la kulipia linaloweza kuchukua nafasi ya saa chache za jioni ambazo hakuna mtu anayemdai chochote, akiwa nyumbani, karibu na mtu mzima anayempenda na ambaye hana haraka naye.

Itazameni ratiba ya mtoto wa Dar es Salaam anayesoma darasa la kwanza katika shule ya kutwa iliyo mbali na kwao. Anaamshwa kukiwa bado giza, anapandishwa kwenye gari la shule akiwa na usingizi, anazungushwa mitaa yote kuwachukua wenzake, na jioni anarudishwa kwa mzunguko uleule katikati ya foleni. Akifika anaoga, anakula kidogo, kisha daftari linafunguliwa, kwa sababu kuna kurasa za hesabu, maneno ya kunakili na zoezi la kusoma, na katika nyumba nyingi kuna mwalimu wa tuisheni anayesubiri sebuleni. Ifikapo saa mbili usiku mtoto wa miaka saba anasinzia mezani kijiko kikiwa mkononi. Jumamosi kuna masomo ya ziada. Jumapili kuna ibada, kufua sare na kujiandaa kwa Jumatatu. Ukimuuliza mzazi wa mtoto huyu kipaji cha mwanawe ni kipi, atakuambia bado hakijaonekana. Mimi najiuliza kingeonekana saa ngapi.

Sheria zetu zinalijua jambo hili vizuri kuliko mazoea yetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inapotaja mambo ambayo mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto, inaweka haki ya kucheza na kupumzika katika orodha ileile yenye chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Haikuiandika kama zawadi ya mtoto aliyefaulu. Mwaka 2023 serikali ilipiga marufuku huduma ya bweni kwa wanafunzi wa elimu ya awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, na hoja iliyozungumzwa sana wakati ule ilikuwa kwamba mtoto mdogo anapaswa kulelewa na familia yake. Niliunga mkono uamuzi ule na bado nauunga mkono, lakini mtoto anayelala nyumbani huku kila dakika yake ya macho ikiwa ya shule bado hajarudishiwa familia yake.

Nieleze kinachotokea jioni inapoachwa wazi. Mwanangu wa kiume ana miaka mitano. Jioni moja aliikuta tochi ya betri mbili iliyokuwa imewekwa pembeni kwa sababu haiwaki, akaketi nayo kibarazani na kuanza kuifungua. Ilitoka kofia ya nyuma, ikatoka springi, zikatoka betri, kisha akageuza upande wa mbele na kuitoa globu, vyote akavipanga juu ya mkeka kwa mfuatano alioujua mwenyewe. Alipozirudisha betri, moja ilitazama huku na nyingine ikatazama kule, na tochi haikuwaka. Akaniuliza, "Mama, mbona haiwaki?" Nikamwambia aziangalie vichwa vyake. Akazitoa, akazigeuza zote mbili, haikuwaka. Akazitoa tena, akageuza moja, akafunga kofia, bado giza. Nilikuwa nachambua mchele hatua chache kutoka alipo, na bibi yake alitaka kumsaidia, nikamwomba amwache. Baadaye mtoto aliona kwamba kichwa cha springi kilikuwa na kutu, akakisugua kwenye sakafu ya saruji kwa muda mrefu sana, akarudisha kila kitu, na tochi ikatoa mwanga hafifu wa njano. Alikwenda kuimulikia kila chumba.

Sina sababu ya kudai kwamba atakuwa fundi umeme. Nilichokiona ni mtoto wa miaka mitano aliyekaa na tatizo moja tangu jua likiwa juu ya paa la jirani hadi adhana ya magharibi, bila kulia, bila kuahidiwa pipi, na bila mtu kumwambia kwamba muda umekwisha. Uwezo huo wa kukaa na kitu ndio shina la kila kipaji ninachokijua, cha ushonaji, cha mpira, cha hesabu au cha ngoma, na haufundishwi kwa kengele inayolia kila baada ya nusu saa.

Dada yake, aliye darasa la pili, ni mtu wa maneno. Bibi yao huwasimulia hadithi za Sungura na Fisi wakati wa kusubiri chakula, na anaposema "Hadithi hadithi!" ni yeye anayeitikia "Hadithi njoo!" kabla ya wote. Siku hizi ameanza kumnyang'anya bibi usimulizi. Fisi wake hupanda daladala, hubishana na konda kuhusu chenji, na kushushwa kituo kisicho chake kwa sababu alisinzia. Ameigundua mwenyewe namna ya kunyamaza kidogo kabla ya neno la kuchekesha, na anajua mdogo wake atacheka wapi. Ripoti yake ya shule ya muhula uliopita ilikuwa na alama nzuri na sentensi moja ya lawama, kwamba anaongea sana darasani. Simlaumu mwalimu mwenye darasa kubwa kwa kuhitaji utulivu. Nasema tu kwamba vipaji vingi vya watoto wadogo hutufikia vikiwa vimevaa nguo za kero. Anayeuliza maswali bila kukoma tunamwita msumbufu, anayepanga wenzake kwenye mchezo tunasema anajifanya bosi, anayekaa peke yake akitazama siafu tunaona mzito. Ni wajibu wa nyumbani kumpa mtoto mahali ambapo kile kinachomtia lawama shuleni kinapata kazi ya kufanya, na kwa binti yangu mahali hapo ni mkeka wa jioni.

Wapo wanaodhani kwamba kukuza kipaji ni kumwondolea mtoto kazi za nyumbani ili apate nafasi. Sikubaliani nao. Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarabu, alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, katika familia ya wafinyanzi, na alipokuwa msichana alitembeza vyungu akivinadi kwa sauti yake. Wateja waliijua sauti ile miaka mingi kabla hajaenda mjini na kufundishwa muziki, na kabla ya safari ya Bombay ya mwaka 1928 alikokwenda kurekodi santuri. Kuuza vyungu kulikuwa kazi ya kusaidia familia, na ndani ya kazi hiyo sauti ilipata mazoezi ya kila siku. Mtoto anayeruhusiwa kusukuma chapati, hata ikitoka na umbo la ramani ya nchi isiyojulikana, anajifunza mkono wake una nguvu kiasi gani. Anayetumwa dukani na kurudi na chenji kamili anafanya hesabu yenye maana kuliko iliyo kwenye daftari. Sharti ni moja, kwamba kazi ilingane na umri wake na isimmalize.

Kuhusu vifaa sitasema mengi, kwa maana havihitaji mengi. Maboksi ya sabuni, vizibo vya soda, nyaya, ndala zilizokatika, vitambaa vya fundi cherehani, mkaa uliozimika na kipande cha ukuta wa uani ambacho mama mwenye nyumba amekubali kichafuliwe vinatosha kwa miaka kadhaa. Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji wa Tanzania, alianza kuchora mwaka 1968 kwa kutumia vipande vya mbao za dari na rangi za kupakia baiskeli. Alikuwa amezaliwa mwaka 1932, kwa hiyo hakuwa kijana mdogo, na hakuwa amepitia shule ya sanaa. Alifariki mwaka 1972, lakini katika miaka ile michache alikuwa amewafundisha ndugu na jamaa zake, na ndio walioendeleza kazi. Nakitaja kisa hiki kwa ajili ya wazazi wanaohangaika kwamba mtoto wa miaka sita hajaonyesha kitu. Hajachelewa. Tukiwahi kumbandika jina la msanii au mwanasoka, tunaweza hata kumzuia asijaribu kitu cha tatu ambacho sisi hatukukifikiria.

Hapa nina neno la wazi kuhusu simu. Inanisikitisha kuona mtoto anayecheza kwa furaha akisimamishwa, akirudishwa mwanzo, akiambiwa arudie vizuri zaidi kwa sababu mama anarekodi. Kuanzia hapo anachezea watu asiowaona, na mchezo umekuwa ajira. Mtoto mdogo hahitaji watazamaji elfu, anahitaji mmoja aliyetazama kwa makini na anayeweza kusema, "Nimeona leo umempa ng'ombe pembe zinazopinda, jana zilikuwa zimenyooka." Maneno ya namna hiyo yanamwambia kwamba kazi yake imeonekana, jambo ambalo "hongera bingwa wangu" haliwezi kufanya. Simu ya kumtuliza mtoto wakati mzazi anapika ni suala jingine, na najua wengi tunabanwa. Ila tukumbuke kwamba uchovu wa kukosa la kufanya, ule unaomfanya mtoto azunguke nyumba nzima akilalamika, kwa kawaida ndio unaotangulia mchezo mpya, na simu hukatiza safari hiyo njiani.

Najua pia kwamba si kila mzazi ana jioni ya kumpa mtoto. Mama anayefunga genge saa tatu usiku, baba wa bodaboda, muuguzi wa zamu, hawawezi kuketi mkekani saa kumi na mbili. Lakini tangu zamani mtoto wa Kiswahili hakuwa na macho mawili tu ya kumtazama. Kuna bibi, shangazi, mjomba, kaka mkubwa, jirani wa chumba cha tatu, na dada wa kazi, ambaye katika nyumba nyingi ndiye anayewafahamu watoto kuliko sisi na hatumuulizi alichokiona. Muulizeni. Katika nyumba za kupanga zenye uani mmoja, watoto wa familia tano wanaocheza rede, mdako na kombolela wanafundishana kasi, shabaha, kuhesabu, kuongoza na kushindwa bila kugombana, na hakuna anayetoa ada. Kinachonitia hofu ni kwamba viwanja vya chandimu vinajengwa kimoja baada ya kingine, na mitaa mipya inapimwa bila kuachiwa hata kipande cha ardhi ya watoto. Suala hilo liko mbele ya serikali za mitaa, na wazazi tunapaswa kulisema kwa sauti kwenye mikutano.

Hoja nzito dhidi yangu ni mitihani. Mzazi mwenzangu aliniambia, "Dada, vipaji ni vizuri, lakini upimaji wa darasa la nne hauulizi tochi." Ni kweli, na sidharau hofu yake, kwa sababu ametoa sadaka kubwa kulipa ada. Lakini tunazungumzia watoto ambao kazi yao kuu katika miaka ya mwanzo ni kusoma, kuandika na kuhesabu, na stadi hizo zinafundishwa darasani kwa saa nyingi kila siku. Nusu saa ya kusoma kwa sauti na mtu mzima nyumbani inatosha kuziimarisha. Saa mbili za nyongeza kwa mtoto aliyechoka humfundisha zaidi kuchukia kitabu. Mifumo yenyewe imeanza kugeuka. Mabadiliko ya mtaala wa Tanzania yaliyoanza kutekelezwa mwaka 2024 yameleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi za mikono, katika sekondari, na Kenya, iliyoanza kuuacha mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu), imeweka sanaa na michezo kuwa mmoja wa mikondo mitatu ya sekondari ya juu. Mtoto atakayefika huko akiwa hajawahi kushika kitu kwa mikono yake ila kalamu atachagua mkondo kwa kubahatisha.

Kwa hiyo katika kikao kijacho cha wazazi nitaomba mambo mawili, na nawasihi wazazi wengine wayaombe shuleni kwao. La kwanza, madarasa ya awali hadi la pili yasipewe kazi ya kuandika nyumbani siku za wiki, ibaki kusoma tu. La pili, masomo ya ziada ya Jumamosi yafutwe kwa madarasa hayo, na kama shule inaona lazima watoto waje, basi waje kucheza, kuimba, kulima bustani na kufinyanga udongo, walimu wakiandika kile ambacho kila mtoto amekirudia kwa hiari yake. Maandishi hayo tupewe mwisho wa muhula pamoja na ripoti ya alama.