Chopa au helikopta? Ubishi wa watu wa mlimani

Huku Moshi kuna ubishi umezuka kwa watu wa mlimani, wanaopandisha wageni Kilimanjaro, umeanzia kwenye ripoti moja ya mgeni aliyezidiwa kule juu, mwongozaji kaandika "mgeni alishushwa kwa chopa", bosi wake kairudisha karatasi eti hiyo lugha ya kijiweni, andika helikopta. Basi watu wamegawanyika, na mimi naona pande zote zina pointi ila sio kwa hizo sababu wanazotoa.

Wa helikopta wanasema hilo ndio jina halisi, chopa ni utani tu. Kwa Kiingereza wako sawa, "chopper" ni neno la mdomoni zaidi, lilishika kasi kwa wanajeshi wa Marekani kwenye vita ya Korea mwanzoni mwa miaka ya 1950, na maana zake ni kibao, Mwingereza anaweza kufikiria shoka la bucha, mwingine pikipiki ile ya uma mrefu mbele, na kuna maana nyingine ya matusi hiyo siiandiki hapa. Ukimwandikia mtu wa London kwenye barua ya kazi ataelewa ndio, ila atakushangaa kidogo.

Sasa wakisema helikopta ni neno safi hapo ndo wananichekesha. Alilitunga Mfaransa Gustave Ponton d'Amécourt mwaka 1861, akaunga maneno mawili ya Kigiriki, moja la kitu kinachojizungusha kama parafujo na lingine la bawa. Yalipoungana ni kati ya heliko na pter. Watu wa Kiingereza wakaja wakalikata sehemu isiyo na kiungo wakapata heli na kopta, ndio maana leo kuna helipedi, na droni ya panga nne inaitwa kwadikopta. Yaani hilo jina halisi nalo lilishapigwa panga zamani bana.

Kuna na wazee wanaosema tuite ndege yaishe. Sawa, Kiswahili kinaruhusu, ndege inabeba vyote hivyo, ila mwambie mtu wa Moshi "ndege inakuja kumchukua mgeni" uone kama hajaanza kutafuta gari la kwenda KIA, uwanja wa ndege.

Wa chopa nguvu yao ni kwamba neno limeshakuwa letu, halisubiri ruhusa ya Mwingereza. Wengi tulilizoea kwenye siasa, 2005 Freeman Mbowe alipogombea urais alizunguka kwenye kampeni na helikopta, na kuna waliokwenda mkutanoni kuangalia chopa tu, sera baadae. Toka hapo neno likawa na harufu ya ukubwa, mtu akisema fulani kaja na chopa anamaanisha ana hela.

Mlimani maana inageuka kabisa. Mgeni kalala kambi ya Barafu, huko ni juu ya mita 4,600, anakohoa mapovu, bila usafiri wa angani ni machela ya tairi moja, wagumu, yaani wapagazi, wanaishika mbele na nyuma wanashuka nayo njia ya Mweka kwenye mawe na mizizi, usiku, tairi linaruka, mgonjwa kafungwa mikanda anaguna kila jiwe. Hapo kwenye redio mtu anasema "chopa!" silabi mbili na kila mtu kaelewa, hakuna anayewaza kampeni wala hela. Kwa kazi hiyo mimi niko na chopa moja kwa moja.

Ila ripoti ni kitu kingine. Ile karatasi inaenda kwa watu wa bima, mtu yuko ofisini Ulaya hajawahi kuona Kilimanjaro, anasoma mkataba wa mgeni ulioandika helikopta na anataka kuona neno hilo hilo kabla hajalipa maelfu ya dola, sasa we unampa chopa ya nini, unamtafutia sababu ya kuuliza maswali.

Kwa hiyo kwenye neno bosi kapatia, kwenye sababu kachemka. Angesema bima ndo inataka hivyo, jamaa angebadilisha hapo hapo. Yeye kang'ang'ania lugha ya kijiweni, na wakati siku ile ya tukio kila akipiga simu anauliza chopa imefika wapi.