Kuunga amplifaya kwenye mtandao si kufungulia bando

Ukiulizia Mwanjelwa au Kabwe, hapa Mbeya, amplifaya ya kuunganisha na mtandao, kabla hujamaliza kuuliza utaambiwa, "Hiyo itakumalizia bando." Iringa, pale Miyomboni, jibu ni hilo hilo. Kauli hii imekaa vichwani kiasi kwamba ziko amplifaya za Yamaha na Denon za mwaka 2011 na 2012, zenye tundu la waya wa mtandao mgongoni, ambazo tundu hilo halijawahi kuchomekwa kitu zaidi ya kujaa vumbi. Na wapo wanaokwenda upande wa pili kabisa: wanauza amplifaya nzima, yenye nguvu, kwa bei ya kutupa, ili wanunue saundi baa yenye Wi-Fi. Wa kwanza wanaogopa gharama ambayo mara nyingi haipo. Wa pili wanalipia upya spika na nguvu walizokuwa nazo, kwa sababu ya kitu ambacho kingeongezwa kwa kisanduku kinachoenea kiganjani.

Chanzo ni neno lenyewe. Ukimpa mtu namba ya simu atakuuliza "mtandao gani?" akimaanisha kampuni. Kwa hiyo mtandao umekuwa kampuni ya simu, na kampuni ya simu ni bando. Lakini ruta iliyowashwa sebuleni tayari ni mtandao, iwe ina laini ndani au haina. Diski yenye kwaya na muvi ikichomekwa kwenye ruta yenye tundu la USB, na ruta hiyo ikawa na programu ya kugawa faili kwa utaratibu wa DLNA, amplifaya itasoma wimbo kutoka kwenye diski bila hata kilobaiti moja kutoka nje ya nyumba. Bando linaweza kuwa limeisha tangu juzi na muziki ukaendelea.

Hesabu ya bando yenyewe inafaa kufanywa, maana wanaoogopa hawajakosea kila kitu. Muziki wa mtandaoni wa kiwango cha juu cha kawaida, kilobiti 320 kwa sekunde, hula megabaiti 144 kwa saa. Nyumba inayopiga saa tatu kila jioni itamaliza 432 kwa siku, karibu GB 13 kwa mwezi. Hapo mwenye duka ana haki ya kukutahadharisha. Ukishusha kiwango mpaka kilobiti 96, saa moja inakuwa megabaiti 43, na mwezi mzima hauzidi GB 4. Sasa chukua albamu ya dakika 45 iliyohifadhiwa kwa mfumo wa FLAC, usiopunguza chochote kwenye sauti ya CD. Kwa kawaida itakuwa kama megabaiti 260. Ukiipakua mara moja na kuiweka kwenye diski, umelipa mara moja tu. Albamu hiyo hiyo ikipigwa moja kwa moja mtandaoni kwa kilobiti 320 hula 108 kila ikirudiwa. Mara ya tatu umeshafika 324, umeipita ile uliyopakua, na sauti yenyewe ni ya chini zaidi. Nani anasikiliza kwaya anayoipenda mara tatu tu? Nyumbani rekodi ya Pasaka inaweza kupigwa kila Jumapili kwa mwaka mzima. Zile 52 zitakuwa zaidi ya GB 5 na nusu kwa albamu moja. Kwenye mtandao wa ndani, kuanzia mara ya pili gharama ni sifuri.

Umeme nao si wa kutisha. Ruta ya wati 8 ikiwaka usiku na mchana hutumia uniti zisizofika 6 kwa mwezi.

Wanaopendelea fleshi kuliko mtandao wana hoja nzito zaidi ya bando: fleshi haina nywila. Kijana anapeleka fleshi kwenye kibanda cha kujaza muvi, anarudi, anachomeka, anabonyeza. Bibi anaweza, mgeni anaweza. Bluetooth nayo imeingia kila sabufa, na kwa spika za kawaida sikio halitaona tofauti kubwa kati yake na waya. Wanaodai mtandao utaleta sauti mpya masikioni wanazidisha, na madai ya namna hiyo ndiyo yanayofanya wenye maduka wawaone wapenzi wa mtandao kama watu wa maringo.

Faida iko kwingine. Kwenye Bluetooth simu ndiyo inayopiga muziki. Ikiita, muziki unakatika; ujumbe ukiingia, mlio unatoka kwenye spika za sebule nzima; mwenye simu akienda dukani, ameondoka na muziki. Kwenye DLNA na mifumo inayofanana nayo, simu ni rimoti tu. Wimbo unatoka kwenye diski kwenda kwenye amplifaya bila kupitia mkononi mwa mtu, na yeyote ndani ya nyumba anaweza kuchagua unaofuata. Fleshi nayo ni ya mahali pamoja: ikiwa sebuleni, chumbani haipo. Diski moja kwenye ruta inahudumia TV, amplifaya na simu zote kwa pamoja.

Hoja ya wanaonunua kifaa kipya chenye kila kitu nayo ina uzito, hasa kwa mpenzi wa sinema. Waya mmoja wa HDMI kwenye tundu la eARC, linalorudisha sauti kutoka TV, hupeleka sauti hiyo mpaka Dolby Atmos, inayotumia hata spika za juu, na rimoti moja inatosha. Amplifaya ya zamani inayotegemea waya wa mwanga (optical) itaishia Dolby Digital na DTS za chaneli 5.1, yaani spika tano na sabufa moja. Anayetaka spika za darini na anao uwezo, anunue kipya. Lakini asinunue kwa sababu ya Wi-Fi iliyomo.

Amplifaya iliyotunzwa hufanya kazi miaka 20 na zaidi. Ikiharibika mara nyingi ni kapasita au relei, na fundi anaibadilisha. Sehemu yake ya mtandao mara nyingi hutegemea seva za mbali, yaani kompyuta za kampuni, ambazo fundi hawezi kuzigusa. Google ilianza kuuza Chromecast Audio, kifaa kidogo cha kuipa amplifaya muziki wa Wi-Fi, mwaka 2015 kwa dola 35, ikaacha kuitengeneza Januari 2019. Machi 2025 vifaa hivyo, visivyo na ubovu wowote ndani, viligoma duniani kote kwa sababu cheti cha usalama cha miaka kumi kilifika tarehe yake ya mwisho. Vilirudi baada ya siku kadhaa, Google ilipotoa marekebisho. Januari 2020 Sonos ilitangaza kwamba spika zake za zamani hazitapata tena masasisho, wateja wakapiga kelele mpaka mkuu wake akaomba radhi. Oktoba 2025 Bose nayo ilitangaza kufunga huduma ya mbali ya familia yake ya spika za SoundTouch. Linganisha na Squeezebox za Logitech, vifaa vya kupiga muziki wa mtandao, zilizoacha kutengenezwa mwaka 2012: bado zinapiga, kwa sababu programu yake ya seva, ambayo sasa inaitwa Lyrion, ni ya bure na unaiweka kwenye kompyuta yako mwenyewe nyumbani. Kampuni imeondoka na muziki umebaki. Ndiyo maana nashauri akili ikae nje ya amplifaya, kwenye kisanduku cha bei ndogo kinachoweza kubadilishwa, na amplifaya ibaki na kazi ya kusukuma spika.

Kisanduku chenyewe ni Raspberry Pi Zero 2 W, kompyuta ndogo iliyotoka mwaka 2021 kwa dola 15, na kadi ndogo ya sauti yenye chipu ya PCM5102A, kwa kuwa Pi hiyo haina tundu la sauti. Toleo la kawaida huja bila pini zake 40. Fundi simu yeyote mwenye mkono mtulivu atazichomelea. Chaja iwe ya volti 5 na ampea 2.5 za kweli, kwa maana chaja hafifu ya simu huleta mlio mwembamba kwenye spika na kukifanya kisanduku kijizime na kujiwasha. Programu ya piCorePlayer inafaa kuliko nyingi kwa mazingira yetu: ikiwaka hujipakia yote kwenye memori, hivyo umeme ukikatika ghafla haiharibu kadi ya SD inayobeba programu. Kadi ya SD kuharibika ndiyo ugonjwa mkuu wa vifaa hivi pale umeme unapokatika ovyo.

Waya wa RCA uingie tundu la CD au AUX, kamwe usiingie PHONO. Tundu hilo ni la sahani za santuri. Hukuza sauti mara mia hivi na kuongeza besi, kwa hiyo utasikia mkwaruzo mtupu. Kadi ya PCM5102A hutoa volti 2.1 sauti ikiwa juu kabisa, kiasi kile cha CD. Amplifaya ya kweli inakipokea vizuri. Sabufa ya bei nafuu, ambayo AUX yake imezoea simu, inaweza kupasuka sauti hata ukiipunguza kwenye kitufe chake, maana inazidiwa mlangoni; shusha sauti ya kisanduku mpaka asilimia 60 au 70 kisha upandishe kwenye sabufa.

Halafu kuna mvumo. Unaunganisha vizuri, na spika zinaanza kuvuma kwa sauti nene isiyobadilika, hata wimbo ukiwa umesimama. Wengi hulaumu kisanduku na kukirudisha dukani. Chomoa kwanza waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Mvumo ukikoma, mkosaji amepatikana: dishi lina njia yake ya kwenda ardhini, amplifaya au TV ina ya kwake, na kati yake kunapita mkondo mdogo wa umeme wa hertzi 50 ambao spika zinaugeuza kuwa sauti. Anza kwa kuchomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja yenye waya wa ardhi. Mvumo ukibaki, weka kwenye RCA kitenganishi chenye transfoma ndogo, au tumia kadi inayotoa sauti kwa waya wa mwanga, kwa sababu mwanga haubebi umeme. Usikate mguu wa ardhi wa plagi kama wanavyofanya wengine. Hiyo inahatarisha maisha.

Kosa la pili halionekani kwa macho. Ruta isiyo na bando inaifanya simu ya Android iamini kwamba Wi-Fi ni mbovu, na kimyakimya inarudi kwenye data ya laini. Alama ya Wi-Fi bado inaonekana, lakini programu ya muziki haikioni kisanduku. Simu ikiuliza kama ubaki kwenye Wi-Fi isiyo na intaneti, kubali na uiambie isiulize tena, au uzime data unapopiga muziki. Nadhani hapa ndipo imani ya "bila bando haifanyi kazi" inapozaliwa kila siku. Pia usiunge vifaa kwenye mtandao wa wageni wa ruta. Umewekwa ili vifaa visionane.

Nyumba zetu za matofali ya kuchoma hupunguza Wi-Fi, hasa ya gigahertzi 5. Zero 2 W hutumia 2.4 pekee, inayopenya zaidi, na muziki wa FLAC hauhitaji hata megabiti moja na nusu kwa sekunde. Chagua chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza. Kisanduku kisifichwe nyuma ya amplifaya wala kuwekwa juu yake. Bati la amplifaya linazuia mawimbi na joto litakichosha. Sentimita 30 pembeni zinatosha.

Muvi zina utaratibu wake. Sauti inayopita kwenye mtandao huhifadhiwa kidogo kabla ya kupigwa, AirPlay, njia ya Apple ya kurusha sauti, hufika sekunde mbili hivi, na midomo ya waigizaji itaachana na maneno. Faili la muvi ndilo lipite kwenye mtandao mpaka kwenye TV, kisha sauti itoke kwenye TV kwenda kwa amplifaya kwa waya wa mwanga au HDMI.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Novemba mpaka Aprili au Mei kuna radi. Waya wa shaba wa mtandao uliovutwa kutoka nyumba kubwa kwenda vyumba vya uani ni njia yake ya kuingilia, na itapita ruta, kisanduku na amplifaya kwa mpigo mmoja. Kati ya majengo tumia Wi-Fi. Wingu likianza kunguruma, chomoa plagi na waya wa dishi pamoja.

Umeme ukirudi, kisanduku huwaka kabla ruta haijawa tayari, kisha kinakosa Wi-Fi na kukaa kimya. Betri ndogo ya volti 12 kwa ajili ya ruta huondoa tatizo. Isipokuwepo, chomoa kisanduku na ukirudishe baada ya dakika mbili. Jambo hili, dogo kwa aliyeliweka, ndilo litakaloizima sebule kwa muhula mzima kijana aliyefunga mfumo akirudi chuoni, na hapo wapenzi wa fleshi wanasema kweli. Kwa hiyo kwenye ruta kipe kisanduku anwani ya mtandao (IP) isiyobadilika, kisha uandike kwenye karatasi jina la Wi-Fi, nywila, tundu la amplifaya linalotumika, na zile dakika mbili. Ibandike ubavuni mwa amplifaya, mbali na matundu ya kutoa joto, ambapo mtu ataiona bila kuivuta kutoka ukutani. Na kama amplifaya ina tundu la fleshi mbele, liachwe wazi.