Samaki Anayekutazama Si Lazima Awe Mchangamfu

Kumwambia Mpwani habari za samaki wa maji matamu ni kazi. Hapa Mombasa samaki ni changu, tafi na kolekole. Ngege wa kutoka bara tunamla huku tukimsema kwamba ananuka tope. Basi ukimweleza mtu kuwa samaki hodari kuliko wote wa kufuga sebuleni ni jamaa wa huyo huyo ngege, atadhani wamtania. Lakini ndivyo. Ngege na sato wamo katika ukoo wa sikilidi, na ukoo huo ndio uliojaa samaki wenye tabia: wanaogombea mipaka, wanaochumbiana, wanaolea watoto, wanaochimba mchanga na kuuhamisha, na wengine wanaomjua fika mtu anayewatilia chakula.

Swali ninaloulizwa sana ni yupi kati yao aliye mchangamfu zaidi. Jibu la wengi ni oska. Mimi sikubali.

Nimpe haki yake kwanza. Oska ni samaki wa Amazon, mwenye doa kama jicho kwenye shina la mkia. Ana akili. Humfuata anayemlisha kutoka kona hii ya kioo hadi ile, hula mkononi, husukuma mawe na kung'oa mimea, na ukimhamisha tangi anaweza kulala ubavu akanuna mpaka ukadhani amekufa. Binamu yangu wa Kisauni anaye mmoja na huapa: "Huyu anijua, yakhe." Namjibu kwamba ajua mkono wa chakula. Tumebishana hilo mpaka shangazi akatupiga marufuku kulitaja mezani.

Tatizo ni kwamba oska huuzwa akiwa kama kidole gumba. Ndani ya mwaka anaweza kukaribia sentimita 25, na akikomaa hupita 30. Chini ya lita 300 unamtesa. Sasa piga hesabu ya Mombasa, si ya nchi ambako mfereji haukauki. Lita 300 ni mitungi 15 ya lita 20. Anakula sana na kuchafua sana, kwa hivyo kila wiki theluthi ya maji itoke: mitungi mitano, iletwe kwa mkokoteni, ipandishwe ngazi hadi ghorofa ya tatu pale Majengo au Tudor, katika wiki ambayo watu hawana ya kuogea. Na oska akitunzwa huishi miaka 10 na zaidi. Ndiyo maana oska wengi ninaowaona mjini wamekaa kwenye vitangi ambavyo hata kugeuka ni shida. Samaki asiye na pa kwenda wala la kufanya atakutazama tu, afanye nini? Sisi tukauita mtazamo huo mapenzi.

Flawahoni, yule mwenye nundu kichwani aliyezalishwa Malaysia miaka ya 1990 kwa kuchanganya sikilidi wa Amerika, simweki hata kwenye orodha. Mara nyingi hukaa peke yake maisha yote, maana atakayetiwa naye ataumia. Uchangamfu gani huo?

Kwangu mimi samaki mchangamfu ni yule mwenye shughuli zake, ambaye ukivuta kiti jioni na kikombe cha kahawa chungu unakuta kesi inaendelea ndani ya kioo na wewe hukuitwa. Na kwa hilo sijaona wa kumshinda malti wa Ziwa Tanganyika, ambaye jina lake la kitaalamu ni Neolamprologus multifasciatus. Dume hazidi sentimita 5. Rangi yake si ya kumsimamisha mtu: kijivu na kahawia, na mistari mingi myembamba. Muuzaji akikuonyesha utampita.

Huko ziwani malti huishi ndani ya makaka matupu ya konokono yaliyolala chini kwenye mchanga. Kila mmoja ana kaka lake. Hulichimbia kwa mdomo, akaubeba mchanga na kwenda kuutema mbali, mpaka kaka lizame na ubaki mlango tu. Sasa, "mbali" kwa mmoja ni kwa jirani, na hapo ndipo vita vinapoanza. Jirani hutoka, husimamisha mapezi, huufyonza ule mchanga na kuurudisha ulikotoka. Siku ya pili vivyo hivyo. Watoto wakizaliwa hawafukuzwi. Hubaki hapo hapo kando ya kaka la mama yao, wadogo kwa wakubwa, na mtaa huendelea kupanuka. Ukitia mkono kupanga kitu, kisamaki kisichofikia urefu wa kidole chako kitakuja kukugonga. Hakikuombi chakula, kinakufukuza.

Kundi zima la namna hiyo latosheka na tangi la lita 60. Mitungi mitatu. Makaka nayo usiende kuyaokota ufuoni, kwa sababu kuna sheria juu ya kombe za baharini, na ndani ya hifadhi za bahari ni marufuku kabisa. Konokono wakubwa wa mashambani wamejaa pwani hii yote. Baada ya mvua za masika utapata makaka yao matupu. Chagua madogo, ya sentimita 4 au 5, uyachemshe vizuri.

Kuna jambo jingine linalonifanya niwatetee samaki wa Tanganyika hapa kwetu. Maji ya ziwa lile ni magumu, yenye madini, na pH yake, yaani kipimo cha ukali wa maji, hukaribia 9. Kisiwa cha Mombasa ni mwamba wa matumbawe, na maji ya visima vyake yana chokaa tele. Wafugaji wa kwingineko hununua madini ya kutia majini ili kupata kile ambacho sisi tunakisugua kwenye sufuria kila siku. Ila onja kwanza: visima vingi vya kisiwani vina chumvi ya bahari, na hayo hayafai. Ukitumia ya mfereji, yana klorini. Tumia dawa ya kuiondoa.

Kipasha joto cha maji usinunue. Kasheshe yetu ni kinyume. Mwezi wa Machi maji ya tangi lililo karibu na dirisha yanaweza kupita nyuzi 30, na maji ya moto hayashiki hewa ya kutosha. Stima ikipotea usiku, pampu ikanyamaza, asubuhi unaokota maiti. Pampu ndogo ya betri inunuliwe kabla ya samaki, na tangi likae chumba chenye baridi kuliko vyote, feni ikipuliza juu ya maji.

Malti ana ndugu wa ziwa hilo hilo, Neolamprologus pulcher, ambao wale waliokwisha kukua huwasaidia wazazi kulinda wadogo zao. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Masanori Kohda wa Japani walionyesha kwamba samaki hawa hutofautisha mwenzao wanayemjua na mgeni kwa kutazama alama za usoni. Nawaachia wanaosema samaki hana akili. Huyu anataka nafasi zaidi, lita 150 kwenda juu.

Mbuna, sikilidi wa Ziwa Malawi, wale wa manjano na buluu, ni wazuri na wana vurugu. Watie wengi na marundo ya mawe, la sivyo mbabe atamwonea mmoja hadi amuue. Wengi wao hula mwani wa mawe. Wakizoeshwa nyama matumbo huvimba wakafa. Mwenye mfuko mwepesi amchukue konvikti wa Amerika ya Kati: dume na jike hulinda watoto pamoja, na mama huinua majani yaliyooza ili watoto wale kilicho chini yake. Ubaya wake ni kuzaa. Baada ya miezi michache hakuna jirani atakayepokea tena.

Linaloniuma ni furu, sikilidi wadogo wa Ziwa Victoria. Yuko mmoja mwenye jina la Mwalimu Nyerere, Pundamilia nyererei, dume wake mgongo mwekundu, ubavuni mistari myeusi. Sangara, mla samaki wenzake, alitiwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimepotea. Waliobaki wanafugwa na kuzalishwa Ulaya na Marekani, nami niliye nchi yenye ziwa hilo sijawahi kumwona mmoja dukani.

Ukienda dukani, basi, usiulize bei kwanza. Simama mbele ya kioo na utulie, mpaka samaki wasahau kwamba upo. Tazama nani ana kona yake, nani anachimba, nani amejibanza nyuma ya filta mapezi yamefumbwa. Huyo wa mwisho muache, hata kama ndiye mwenye rangi. Wa kundi kama malti usichukue wawili. Chukua wadogo sita au wanane, na makaka yazidi idadi yao, kisha waache wagawane viwanja wenyewe.