Biwi Linalofukuta Halina Upole

Kiangazi kikikolea huku Kusini mwa Tanzania, kuanzia Nachingwea hadi Tandahimba, tunabishana yaleyale: tuchome mashamba au tusichome? Mimi nauliza tunachomaje.

Wengi tunafyeka, tunakusanya mabiwi na kuyawasha majani yakiwa hayajakauka. Biwi haliwaki, linafukuta usiku kucha. Wazee wanaliona salama kwa sababu ndimi hazirukii mikorosho ya jirani, na hapo wana hoja. Lakini unyevu ukila joto na hewa ikiwa haba, mvuke wa lami unatoka kwenye mti bila kuungua, kisha unapopoa unaganda kuwa chembe. Ule moshi mweupe mzito ndio huo. Nyingi ya chembe hizo hazifiki mikromita 2.5 (unywele wa kichwani ni mnene zaidi ya mara 20), kwa hiyo zinapenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Na usiku hewa baridi hutulia chini, moshi ukalala nasi vyumbani.

Moto wa ndimi, kwa kila kilo ya kuni, kwa kawaida hutoa chembe chache zaidi, ila ndani yake mna masizi mengi. Masizi hunyonya jua na kuipasha hewa joto. Moshi mweupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga angani, hivyo hupoza kidogo. Najua atatokea mjuaji wa kijiweni aseme basi tufukize, tuipoze dunia! Asisahau kwamba moshi huo hudumu hewani siku chache au wiki tu, na baadhi ya chembe zake ni za kahawia, nazo hunyonya mwanga. Tena moto unaofukuta hutoa metani nyingi zaidi, gesi inayopasha dunia joto kwa miaka.

Kwa hiyo mimi niko upande wa biwi kavu, dogo, linalowashwa asubuhi upepo ukiwa umetulia, barabara ya kuzuia moto ikiwa imelimwa pande zote. Ni kazi, sikatai. Ila dawa ya salfa ya mikorosho tunaipulizia kwa kuvizia upepo na saa, tena bila kusukumwa na mtu.

Jikoni nako kuni mbichi zinatutoa machozi, ilhali gesi inachimbwa hapahapa Mnazi Bay na Songo Songo. Bomba la kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam lilikamilika 2015. Viongozi wanaotuhubiria tusichome misitu waanzie kwenye hilo la gesi jikoni, kisha waje tuzungumze habari za mabiwi.